Barua za Wasomaji: Je, Ulevi Uko Katika Damu?

Mama mmoja wa Kadutu, mjini Bukavu, anauliza:

Baba mkwe wangu aliuawa na pombe, na mume wangu ameshika njia ile ile. Asubuhi, kabla hajapata kasiksi, pombe ya ndizi, mikono humtetemeka hata asiweze kushika kikombe cha chai. Kwenye chumba cha maombi tuliambiwa kwamba ni laana ya ukoo, naye muuguzi akasema ni jeni. Sasa nahofia kijana wetu wa miaka 16. Katika matanga ya hivi karibuni baba zake wadogo walimpa pombe kali ya kanyanga. Wenzake walilala pale pale, yeye akabaki imara, nao wakamsifu kwamba huyo ndiye mwanaume. Je, tungoje tu yampate?

Jibu:

Mama, msingoje. Ni kweli kwamba mwelekeo wa ulevi hurithiwa kwa sehemu. Mwaka 1973, mtafiti Donald Goodwin na wenzake walichapisha uchunguzi uliofanywa Denmark juu ya wanaume waliozaliwa na mzazi mlevi lakini wakalelewa tangu utotoni na watu wasio ndugu zao. Ulevi uliwapata karibu mara nne zaidi kuliko watoto wengine wa kulelewa, ingawa hawakuishi na mzazi huyo wala kumwona akinywa. Hata hivyo, walio wengi kati yao hawakuwa walevi, na hilo ningependa lisomwe mara mbili nyumbani kwenu. Tafiti za mapacha zinakadiria kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya watu katika jambo hili hutokana na urithi. Hakuna jeni moja ya ulevi. Ziko nyingi, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo.

Urithi huo hupitia namna mwili unavyoipokea pombe. Watu wengi wa China, Japani na Korea huzaliwa na kimeng'enya dhaifu cha kuondoa sumu inayotokea pombe inapovunjwa mwilini. Wakinywa kidogo tu uso huwaka, moyo huenda mbio na kichefuchefu huwashika, kwa hiyo ni wachache miongoni mwao wanaofikia ulevi. Kuna na watu wa upande wa pili, ambao mwili wao huchelewa kuonya. Huko San Diego, Marekani, Daktari Marc Schuckit aliwapa pombe vijana wa umri wa miaka 20 hivi, wakiwemo wana wa walevi, akapima jinsi walivyolewa, kisha akawafuatilia kwa miaka. Wale ambao pombe haikuwalegeza sana ndio walioangukia ulevi zaidi baadaye, kwa sababu mtu asiyepata onyo huongeza kikombe, na cha pili kikaita cha tatu.

Ndiyo maana sifa aliyopewa kijana wako imenitia hofu kuliko habari yote ya babu yake. Usiku mmoja haupimi mtu, lakini katika ukoo kama wenu, mwambieni kijana huyo waziwazi kwamba kutokulewa upesi ni ishara ya hatari, kama vile angeambiwa kwamba sukari inatembea katika familia. Ongeeni na baba zake wadogo pia. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kuzuia tamaa, huendelea kukomaa hadi baada ya miaka 20, na uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba walioanza kunywa kabla ya miaka 15 walipatwa na utegemezi wa pombe karibu mara nne zaidi ya waliongoja hadi miaka 21. Kila mwaka anaokaa bila kunywa ni faida.

Kuhusu mume wako, sala na iendelee, ila neno laana humfanya mgonjwa aketi kungoja, na yeye hana muda wa kungoja. Kutetemeka kule kuna maelezo. Pombe huipa nguvu kemikali ya ubongo inayotuliza na kuibana ile inayochangamsha. Ubongo unaopewa pombe kila siku hujirekebisha: hupunguza utulivu wake wenyewe na kuongeza mchangamko, ili mtu aweze kusimama. Pombe ikiondoka ghafla, mchangamko hubaki bila breki, ndipo hutokea jasho, kukosa usingizi, na kwa wengine mishtuko kama ya kifafa au kuweweseka kunakoweza kuua ndani ya siku chache. Kwa hiyo msimfungie ndani, msimwage pombe yake yote siku moja, wala msimpeleke kwenye mfungo wa siku tatu kabla hajaonwa na daktari. Kuna dawa za kutuliza zinazotolewa kwa siku chache chini ya uangalizi, pamoja na vitamini B1. Hapo Bukavu kipo kituo cha afya ya akili cha SOSAME, anzieni huko.

Kijana wa pikipiki wa Goma anauliza:

Kila jioni nacheza kamari, tiketi ya kubashiri mechi za mpira. Nikikosa kwa mechi moja tu, hamu hunishika kuliko nikikosa zote. Kwa nini?

Jibu:

Ndugu yangu, ubongo huhesabu kukosa kidogo karibu kama kupata. Mwaka 2009, mtafiti Luke Clark na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walionyesha kwamba mchezaji anapokosa kwa nafasi moja, sehemu zile zile zinazoamka anaposhinda huamka pia. Dopamini, kemikali inayohusika hapa, huruka zaidi kwa malipo yasiyotarajiwa kuliko kwa yale ya hakika, na tiketi ni malipo yasiyo na hakika. Nguvu yake ni kubwa kiasi kwamba baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha mwili, waliopewa dawa zinazoiga dopamini, walianza kucheza kamari ilhali hawakuwahi kuigusa, wakaiacha kamari hiyo dawa ilipobadilishwa. Usijiite mjinga, lakini usiutegemee utashi wa saa moja jioni. Lipa kwanza pesa ya mwenye pikipiki na ya likelemba, ule mchango wa kupokezana, pesa inayobaki kwenye simu ihamie kwa mke wako au ndugu unayemwamini kabla giza halijaingia, na ukijikuta unakopa ili kurudisha ulichopoteza, mweleze mhudumu wa afya wiki hiyo hiyo.