Shangazi, nilizima taa ya mgeni Ijumaa usiku

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni dada wa hausikipingi kwa hoteli moja hapa Upper Hill, niko na miaka 3 kwa hii kazi. Ijumaa iliyopita tulipokea wageni Wayahudi, mzee na mkewe, na yule mama kufika tu risepsheni akauliza jioni anaweza kuwashia wapi mishumaa yake 2. Supavaiza akamwambia moto haukubaliwi vyumbani, na ni ukweli, sheria iko hivyo. Mama hakubishana. Saa 1 usiku nikaingia kutandika kitanda vile huwa tunafanya, wao walikuwa wameenda maombi kwa miguu, nikapata taa ya kando ya kitanda inawaka na ya bafu pia, na kadi ya mlango imeachwa pale ukutani inapowashia stima ya chumba, nikazima zote nikatoa kadi nikaiweka mezani vile tulifunzwa juu ya bili ya stima. Kumbe walirudi wakakaa gizani usiku mzima! Askari aliyewafungulia mlango ndiye aliniambia asubuhi. Na hawakupiga simu hata moja. Nimekosa amani kabisa, nilikosea wapi, na wakirudi nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Ulifanya kazi vile ulifunzwa, hakuna mtu atakuhukumu kwa hiyo, lakini ile taa ya kando ya kitanda uliyozima, karibu nina hakika ndiyo ilikuwa mshumaa wa huyo mama.

Sabato ya Wayahudi inaingia Ijumaa jua likizama na inatoka Jumamosi usiku nyota 3 zikishaonekana. Kama uko na rafiki Msabato si unajua vile Ijumaa mchana kwao huwa ni mbio, nguo zipigwe pasi, chakula kiive, jua lisiwakute na kazi mkononi? Basi hawa ni hivyo na zaidi, juu wanashika pia lile neno la Kutoka 35:3 la kutowasha moto nyumbani siku ya Sabato, na wale wanaofuata sana wanahesabu stima humo humo, swichi hawagusi, lifti hawabonyezi, kadi ya mlango hawapitishi. Kwa hivyo mwanga wa usiku huo lazima uwashwe mapema, desturi ya wengi ni dakika 18 kabla jua kuzama, na mara nyingi anayewasha ni mama wa nyumba. Anawasha, anafunika macho kwa viganja, halafu anasoma baraka. Kwa kawaida baraka husomwa kabla ya tendo, lakini hapa akishaisoma ni kama Sabato imemwingilia na kiberiti hawezi kugusa tena, so anawasha kwanza, anajizuia kuuona ule mwanga mpaka amalize baraka, akifungua macho ndio anaupokea. Mishumaa ni 2 juu Amri Kumi zimeandikwa mara mbili, kwa Kutoka 20 inasema ikumbuke siku ya Sabato, kwa Kumbukumbu la Torati 5 inasema ishike. Kuna kina mama huongeza mmoja kwa kila mtoto.

Na hii taa si pambo. Talmud, kitabu chao cha mafundisho ya dini, inasema ni ya amani ya nyumba, watu wapate kula wakionana nyuso, mtu asijikwae. Sasa fikiria hao wazee wawili wanapapasa kuta wakitafuta bafu.

Kuhusu sheria ya moto, supavaiza wako hakukosea kukataa kiberiti chumbani, pazia na mito na mgeni amelala, hapana, na dini yao yenyewe inasema uhai unatangulia Sabato. Alikosea kukomea hapo tu. Marabi wengi, yaani walimu wa dini yao, wanaruhusu mtu aliye hotelini awashe taa ya stima kwa niaba ya mshumaa, hasa zile bulbu za zamani zenye waya unaoiva ndani, hiyo wanaihesabu kama moto. Za LED wamegawanyika, wengine wanasema washa lakini baraka usisome. Na kuna wanaopendelea tochi ya betri kuliko taa ya ukutani, na sababu yao mtu wa Nairobi ataielewa haraka: koroboi ukiiwasha mafuta yako ndani tayari, betri pia nguvu yake iko ndani tayari, lakini taa ya ukutani inangoja stima itoke mbali, na sisi tunajua vile hiyo stima hupotea saa 2 usiku ukiwa na sahani mkononi. So tochi nzuri ya mezani yenye betri mpya iweke kwa stoo, kama hoteli haitaki kununua pigania inunuliwe.

Huyo mama alipokataliwa mishumaa inaonekana alichagua ile taa, akaiwasha kwa makusudi kabla jua kuzama, akaacha na ya bafu, akaacha kadi ukutani ndio zisizime, wakaenda maombi. Bila shaka ni ile sinagogi ya pale Uhuru Highway na University Way, kutoka Upper Hill unatembea. Hakupiga simu juu simu nayo ni stima, na hata kukutuma wewe uwawashie kwa kawaida hawaruhusiwi. Ndio maana lazima mambo yote yasemwe kabla, usingoje akuombe usiku, hataomba.

Wakirudi, mtafute Alhamisi au Ijumaa asubuhi. Muulize anakula wapi jioni, juu mishumaa inatakiwa iwe pale watu wanakula, na kama ni kwa restorenti yenu basi mwombe meneja kona moja, meza isiyo na pazia karibu wala upepo wa eisii, trei ya chuma iliyotandikwa foili, mishumaa ndani ya glasi nzito, na mtu wa zamu wa kuiangalia mpaka mwisho. Iwe mishumaa ya kuwaka kwa muda wa masaa 3 au 4, isizime kabla watu hawajaketi kula. Na ikishawashwa hapo imekaa! Usiisogeze ufute meza, usibadilishe kitambaa, usiipulize eti restorenti inafungwa, iache iishe yenyewe. Ikileta hatari ya kweli zima bila kuuliza mtu.

Chumbani mkubaliane taa gani inabaki, bandika selotepu kwa hizo swichi, kadi ibaki ukutani mpaka Jumamosi usiku, kutandika jioni kusiwepo, na andika kwa kitabu cha shifti juu Jumamosi asubuhi anayeingia ni mwingine si wewe. Ghorofa ya chini karibu na ngazi kama iko. Askari ajue ndiye atafungua mlango.

Saa nayo ni muhimu. Hapa kwetu jua halibadiliki sana, mwanzo wa Novemba linazama kama saa 12 na dakika 20, Februari karibu saa 12 na dakika 50, kwa hivyo kuwasha ni kuanzia kama saa 12 na dakika 2 hivi mpaka saa 12 unusu. Ona hiyo ni saa gani Nairobi siku ya Ijumaa. Mgeni akikwama Mombasa Road jua likazama yeye akiwa ndani ya gari, kuwasha kumempita. Mwambie arudi saa 10.

Hawa si wageni wapya mjini, mwanangu. Abraham Block, Myahudi aliyekuja Kenya 1903, ndiye alinunua hoteli ya Norfolk mwaka wa 1927, na familia yake ikaendesha mahoteli makubwa ya hapa miaka mingi. Hoteli za Nairobi hazikuanza leo kumpokea Myahudi, inaniuma tukimpokea kwa kumzimia taa.

Jumatatu mwandikie barua fupi, risepsheni iko na anwani yake, umweleze hukujua. Atafurahi.

SWALI: Shangazi, mimi ni weita Westlands. Desemba kuna wageni huomba kuweka kinara cha mishumaa cha Hanukkah, ile sikukuu ya Wayahudi. Hiyo nayo tuwape taa ya betri?

JIBU: Hapana, hiyo ni tofauti, marabi wengi wanataka moto wenyewe. Ni usiku 8, wa kwanza mshumaa 1, wa pili 2, hivyo mpaka 8, pamoja na mmoja wa pembeni wa kuwashia wenzake. Uzuri ni kwamba unatosha nusu saa tu baada ya giza kuingia, na mwanga wake unatakiwa uonekane na watu, so lobi karibu na dirisha ni pazuri kuliko chumbani, ila pazia lifungwe kando, na mmoja wenu akae hapo hiyo nusu saa. Ijumaa ya katikati ndiyo ya kuangalia: Hanukkah inawashwa kwanza, mishumaa ya Sabato inafuata, zote kabla jua kuzama, kwa hivyo ile midogo ya kila siku haitafikia giza, mtafutie mikubwa.