"Kwani sisi ni wachumba?"

*Shikamoo shangazi. Nina miaka 31, nina mume na watoto wawili, na wa tatu simtaki kwa sasa. Nilipomzaa huyu mdogo nilichoma sindano ya miezi mitatu. Damu ya matone ikawa inanitoka karibu kila siku, natembea na pedi kwenye mkoba kama msichana aliyevunja ungo jana. Kliniki wakaniambia nitazoea. Sikuzoea, nikaacha. Sasa ni miezi minane tangu sindano ya mwisho, siku zangu zinakuja zinavyotaka, na wifi yangu anasema sindano imenikausha kizazi. Kwa sasa nahesabu siku tu. Mwezi uliopita niliumwa chini ya kitovu na kutokwa na uchafu wenye harufu. Wakanipa dawa, wakasema ni ugonjwa wa zinaa na nirudi na mwenzangu. Mume wangu yuko safarini zaidi kuliko nyumbani, na nimemwambia nusu tu. Nilipoomba tutumie kondomu alicheka: "Kondomu ya nini, kwani sisi ni wachumba?" Rafiki yangu ananiambia niweke kijiti nitulie, mwingine anasema kijiti husafiri mpaka moyoni. Nitajie njia moja itakayonikinga na yote. – Mama Wawili*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza nilikwama kwenye hilo neno "nitazoea" nikashindwa kuendelea kwa hasira. Wanawake wangapi wameambiwa hivyo na kurudishwa nyumbani!

Ulipaswa kuelezwa kabla ya sindano kuingia kwamba miezi ya mwanzo hedhi huvurugika, kwamba matone ya damu ni jambo la kawaida na kwa wengi hupungua, na kwamba wengine ikifika mwaka hedhi hukatika kabisa bila madhara. Uliporudi kulalamika, ulistahili kupimwa. Damu ya matone inaweza kuletwa na sindano, lakini pia huweza kuletwa na maambukizi kwenye mlango wa kizazi. Kwako ilikuwa ipi sijui, na huenda hata wao hawakujua, kwa kuwa hakuna aliyeangalia. Kama si maambukizi, zipo dawa za siku chache, hata ibuprofeni ya kawaida, ambazo huwapunguzia baadhi ya wanawake ile damu. Na kama bado hutaki, una haki ya kubadilisha njia bila kuombewa na mtu. Mwili ni wako, nawe ndiye unayefua hizo nguo.

Sasa wifi. Mwambie kwa heshima zake zote kwamba sindano haikaushi kizazi. Inachofanya ni kukawia kutoka mwilini. Kwa wastani mwanamke anayetafuta mtoto hushika mimba miezi kama kumi baada ya sindano ya mwisho, wengine mapema zaidi, wengine hupita mwaka. Wewe una miezi minane. Hujachelewa popote.

Ila maneno hayo yana upande wa pili, na ndio ulionifanya nikuandikie haraka. Yai hutoka kabla ya hedhi, kwa hiyo unaweza kushika mimba hata kabla siku zako hazijatengemaa. Kuhesabu siku kunataka hedhi inayokuja kwa mpangilio, uliyoiandika kwa miezi kadhaa ukajua mzunguko wako mfupi ni wa siku ngapi na mrefu ni wa ngapi. Yako, kwa maneno yako mwenyewe, inakuja inavyotaka. Huhesabu, mwanangu, unabahatisha. Kabla ya jambo lingine lolote pima mimba.

Na ukitaka kujua ni nini hasa kinachotishia kizazi chako, ni ule uchafu wa mwezi uliopita. Kisonono na klamidia zisipotibiwa hupanda kutoka kwenye mlango wa kizazi hadi kwenye mirija, zikaacha makovu, na makovu hayo ndiyo huziba njia ya yai. Klamidia ina ubaya wa ziada: mara nyingi haina dalili yoyote, si kwa mwanamke wala kwa mwanamume. Wewe umeumwa, ukaenda, ukatibiwa. Ulifanya vizuri. Maumivu yakibaki au ukipata homa, rudi usingoje.

Lakini dawa ulizomeza peke yako ni kutwanga maji kwenye kinu kama mwenzako hajatibiwa. Atarudi safari, mtalala pamoja, utaambukizwa upya, na safari ijayo utahesabu kwamba dawa haifanyi kazi. Mtibiwe wote wawili, na mkae bila kukutana mpaka kila mmoja awe amemaliza dawa na siku saba zimepita. Na ukiwa hapo kliniki omba upimwe VVU na kaswende pia. Aliyepata ugonjwa mmoja wa zinaa amepita kwenye mlango uleule yanakopita mengine.

Najua kinachokuzuia kumwambia nusu ya pili. Unaogopa swali la "nani kauleta". Nami sitakudanganya kwamba jibu halipo. Lipo, ila vipimo vya kliniki haviwezi kulitoa. Mtu anaweza kukaa na klamidia miezi mingi bila kujua, kwa hiyo ugonjwa peke yake hausemi ulianza lini wala kwa nani. Hili ndilo lango la mazungumzo yako. Usianze na "umenitenda". Mwambie: "Nilipatikana na maambukizi, yanatibika, ila wamesema tusipotibiwa wawili yanarudi na yanaweza kuharibu uzazi. Dawa yako ni hii, au twende wote." Mwambie mchana, mkiwa mmekaa, si kitandani, na si kwa simu akiwa njiani. Mambo ya uaminifu mtayazungumza, na lazima myazungumze, lakini dawa zisisubiri kesi iishe.

Halafu lile swali lake. Kwani sisi ni wachumba? Swali hilo nimelisikia kwa sura nyingi, na chini yake mna wazo kwamba kondomu ni ya watu wasioaminiana, na mke akiitaja ni kama amemshtaki mume. Unaweza kumpa jibu lisilo na mashtaka ndani yake: kwa sasa huna njia yoyote ya uzazi wa mpango mwilini, mimba huitaki, na mmoja wenu ametoka kwenye dawa wiki chache zilizopita. Sababu hizo zinatosha hata kwa malaika wawili. Akikataa kabisa, iko kondomu ya kike, ambayo unaivaa wewe, saa kadhaa kabla ukitaka. Usiitumie pamoja na ya kiume, zinasuguana na kuchanika. Na zile za mpira za kiume zisipakwe mafuta ya kujipaka, yanazioza.

Kama kumwomba kondomu kunaweza kukuletea kipigo, hapo tumeshatoka kwenye habari ya kondomu. Usimwombe tena ukiwa peke yako naye. Ongea kwanza na mhudumu wa afya faragha, na mtu mmoja wa kwenu unayemwamini. Tena zipo kinga za VVU ambazo mwanamke hutumia bila kuomba ruhusa ya mtu: dawa ya kumeza kila siku kabla ya hatari, na kuna sehemu wanatoa hata sindano ya kila miezi miwili au pete ya ukeni. Ukihofia kwamba tayari umekutana na hatari, dawa ya kuzuia VVU ianze ndani ya saa 72, na inamezwa siku 28.

Umeniomba njia moja itakayokukinga na yote. Iko moja tu, na ndiyo hiyo aliyoicheka mumeo. Peke yake, kwa kuzuia mimba, kondomu ya kiume jinsi watu wanavyoitumia kweli (leo wanavaa, kesho wanasahau) huwaacha wanawake kama 13 katika kila 100 na mimba ndani ya mwaka. Kijiti hakifikishi hata mmoja. Lakini kijiti hakimjui kisonono. Sindano haimjui, kitanzi hakimjui, vidonge vya majira havimjui. Mwaka 2019 yalitoka matokeo ya utafiti uliofuatilia wanawake 7,829 katika Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia, kila mmoja akiwa na sindano, kijiti au kitanzi cha shaba. Walitaka kujua kama sindano inaongeza hatari ya VVU, na hawakuona tofauti kubwa kati ya njia hizo tatu. Lakini mimi kilichonikaa rohoni ni hesabu nyingine ya mlemle: wanawake 397 waliambukizwa VVU wakiwa ndani ya utafiti. Mimba walikuwa wamejikinga nayo vizuri kabisa.

Kwa hiyo wewe unahitaji vitu viwili, kimoja cha mimba na kondomu kwa maradhi, walau mpaka nyote mmepimwa na mazungumzo yale yamefika mahali.

Cha mimba chagua hivi. Kitanzi cha shaba hakina homoni na hukaa miaka kumi au zaidi, ila kisiwekwe mpaka maambukizi yaishe, na miezi ya mwanzo hedhi huwa nzito na yenye maumivu. Kwa jinsi damu ilivyokuchosha, nasita kukusukumia huko. Kipo kitanzi cha homoni, chenyewe hupunguza hedhi. Kiulizie. Vidonge ni vizuri kwa mwenye nidhamu ya saa. Mimi vilinishinda, nilikuwa navikuta kwenye kopo la uzi Alhamisi wakati cha Jumatatu bado kimo. Ukiwa na shinikizo la damu au kipandauso kinachotanguliwa na kuona vimulimuli, sema kabla hujaandikiwa.

Kijiti, ningekuwa wewe, ningekijaribu. Hukaa miaka mitatu au mitano kulingana na aina. Ila usidanganyike, nacho kinaweza kukuletea matone yaleyale ya damu. Tofauti yake na sindano ni kwamba sindano ikishaingia huwezi kuitoa, unangoja iishe. Kijiti ukikichoka kinatolewa siku hiyohiyo, na uwezo wa kushika mimba hurudi upesi. Mhudumu akikwambia "vumilia mpaka muda wake uishe", mjibu kwamba hukuja kuomba ushauri, umekuja kutolewa. Na mtajie dawa zote unazomeza, maana zile za kifua kikuu, baadhi za kifafa na baadhi za VVU huidhoofisha nguvu yake.

Na ile safari ya kwenda moyoni. Kijiti huwekwa chini kidogo tu ya ngozi, upande wa ndani wa mkono wa juu, na hukaa hapohapo. Kikisogea huwa ni kidogo. Visa vya kuingia kwenye mshipa wa damu vimewahi kuandikwa, ni nadra mno, na mara nyingi ni kwa sababu kilichomekwa ndani kupita kiasi. Ndiyo maana kabla hujainuka kitini utaambiwa ukiguse. Kiguse kweli, usione aibu. Kisha mara mojamoja ukiwa unaoga pitisha kidole. Siku usipokipata, rudi kliniki, na mpaka wakiangalie tumieni kondomu.