Plus Code fupi kwenye kisanduku cha kutafuta: usibandike herufi za mbele kienyeji

Mkuu, umeuliza kama kuna haja ya kuhangaika na wateja wanaopaste vitu kama "57MQ+8F Dar es Salaam" (hiyo ndo Plus Code, msimbo wa Google wa kuonyesha mahali bila anwani ya mtaa) halafu programu yako inawajibu hakuna matokeo. Haja ipo, tena kubwa. Sisi tulivyowawekea vijana wa boda, zile simu za "uko wapi, mi nipo hapa kwenye kibao" zilipungua mno. Kazi yenyewe wala sio ngumu, mfumo wenyewe Google waliuachia bure kwa leseni ya Apache 2.0, laibrari zipo kibao, na msimbo mzima unafunguka hata bila bando. Kasheshe iko kwenye ule mfupi.

Msimbo mzima wa hapo Posta, Dar, ni 6G5X57MQ+8F. Watu wanakata zile nne za mbele wanaweka jina la mji. Sasa hizo nne ni kipande cha ramani cha digrii moja kwa digrii moja, yaani kama kilomita 110 kila upande, na longitudo 39 inakatiza kati ya Dar na Kibaha, kwa hiyo Kibaha inaangukia 6G5W. Developa wengi wanachukua GPS ya simu, wanachukua herufi nne za mbele za hapo mtu alipo, wanazibandika kwenye ule mfupi, basi. Mtu yuko Kibaha anatafuta Posta, anapelekwa porini huko kusini ya Chalinze!

Tumia kitendakazi cha recoverNearest cha kwenye laibrari, hicho kinacheki na vipande jirani kinachukua kilicho karibu na sehemu uliyokipa kama rejea. Ila nacho kinakuokoa ndani ya nusu digrii tu kutoka kwenye rejea, kilomita 55 hivi. Aliyekaa zake Forodhani Zanzibar akiandika 57MQ+8F tupu ataletewa 6G6X57MQ+8F, kaskazini ya Unguja upande wa Nungwi, na kihesabu iko sawa kabisa. Ndo maana mi nasema jina la mji likiwepo litafute hilo kwanza ndo liwe rejea, GPS achana nayo, na jina lisipokuwepo chukua katikati ya ramani anayoitazama, maana mtu akishaivuta ramani hadi Mwanza ujue akili yake iko Mwanza.

Majina nayo yana mambo yake. Majengo iko Moshi, iko Dodoma, iko Mombasa, so mteja akiandika "Majengo" peke yake muonyeshe zote achague, usimchagulie.

Halafu kuna hii inayowatoa watu jasho bure: alama ya + kwenye URL inasomwa kama nafasi, seva inapokea "57MQ 8F" na wewe unalaumu regex (kanuni yako ya kutambua maandishi). Itume kama %2B. Herufi ndogo zipokee tu uzigeuze kubwa. Ukikuta irabu yoyote, au 0 au 1, kwenye msimbo mfupi wenye +, hiyo sio Plus Code, ipeleke kwenye utafutaji wa kawaida.