Kabla Hujabishana Kuhusu Zilipendwa, Uliza Ni Toleo Lipi

Kwa zaidi ya miaka ishirini niliamini kwamba kuna wimbo mmoja wa zilipendwa unaoishia katikati ya neno. Mwimbaji anaanza neno la mwisho la ubeti wa tatu, anatamka silabi mbili, kisha kimya. Nilichukulia kuwa huo ni ufundi wa mtunzi, nikajitungia na maelezo yake: kwamba alitaka kumwonyesha mtu aliyekatwa kauli na uchungu wa mapenzi. Siku moja, tulipokusanyika watu kama kumi tunaopenda muziki na sinema za zamani, nilitoa maelezo hayo kwa kujiamini kabisa. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa pembeni alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, wimbo huo uliusikia kwenye santuri, au kwenye kanda uliyorekodi mwenyewe redioni?"

Ilikuwa kanda. Niliirekodi nikiwa mtoto, kwa kubonyeza vitufe viwili kwa pamoja na kuwaamuru waliokuwa karibu wanyamaze, na upande wa kwanza ulikwisha kabla wimbo haujaisha. Kanda ya dakika 60 ina dakika 30 kila upande, na hakuna mtangazaji aliyewahi kupanga nyimbo zake kwa kuitazama kanda yangu. Hata mwanzo niliokuwa nikiujua haukuwa mwanzo, kwa sababu sauti ya mtangazaji ilikuwa imeyafunika magitaa ya utangulizi. Watu walicheka, nami nikacheka, lakini swali la yule mzee nililibeba. Kwa maoni yangu ndilo swali lenye faida kuliko mengine yote ambayo shabiki anaweza kujifunza kuuliza: kazi hiyo uliisikia au uliiona kwenye chombo gani, na katika toleo lipi?

Tangu siku hiyo nimekaa katika mabishano mengi ya mashabiki, na nimeona kwamba mara nyingi wanaobishana wote wawili wanasema kweli. Sababu iko katika historia ya vyombo vyenyewe. Santuri ya inchi 10 iliyozunguka mara 78 kwa dakika ilibeba takriban dakika tatu kila upande, kwa hiyo nyimbo zilitungwa, zilifupishwa au zilikatwa vipande viwili ili zikae humo. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilileta santuri ndefu, yenye nafasi ya dakika ishirini na ushei kila upande, na mwaka uliofuata RCA Victor ikaleta ile ndogo ya mizunguko 45. Wapenzi wa rumba wanaijua vizuri hiyo ndogo: kwenye nyimbo nyingi upande wa kwanza unabeba mashairi, sauti inafifia, na ukigeuza ndipo unakutana na sebene, ile sehemu ya magitaa ya kasi ya kuchezea dansi. Aliyezoea kuchezewa upande mmoja tu redioni atakuapia kwamba wimbo ule ni wa taratibu tangu mwanzo hadi mwisho, na mwenye santuri atamwona mwenzake kama mtu asiyejua muziki, kumbe tofauti yao ni kugeuza santuri tu.

Tofauti nyingine ni ndogo zaidi, na hizo ndizo zinazowagombanisha watu kwa muda mrefu, kwa kuwa kila mmoja anaamini masikio yake. Albamu ya Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya The Beatles, iliyotoka mwaka 1967, ilichanganywa mara mbili, mara moja kwa mono, yaani sauti ya njia moja, na mara nyingine kwa stirio, yaani sauti ya njia mbili, na wimbo wa She's Leaving Home unakwenda kasi zaidi na kwa sauti ya juu zaidi katika mono. Mtu aliyeizoea santuri ya mono akisikiliza ya stirio huhisi kwamba wimbo umechoka, na masikio yake hayamdanganyi. Kuna pia wanamuziki waliorudi studio baada ya miaka mingi kurekodi upya nyimbo zao wenyewe, na rekodi hizo zikaingizwa kwenye mikusanyiko ya zilipendwa bila maelezo yoyote. Ukisikia sauti ya mwimbaji imekuwa nzito na ngoma zinalia kwa namna ambayo enzi ile haikuwa nayo, usidhani kumbukumbu yako imeharibika. Geuza jalada utafute mwaka wa kurekodiwa, na usiridhike na mwaka wa kutolewa. Ikiwa santuri yenyewe ipo, iinamishe kwenye mwanga: katika sehemu laini kati ya mfereji wa mwisho na karatasi ya katikati utaona herufi na tarakimu zilizochongwa, wakati mwingine kwa mkono, na hizo ndizo kitambulisho cha upande huo. Mimi huzinakili kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya kusafisha vumbi.

Kwenye sinema hali ni ngumu zaidi, na hapa nina kosa la kuungama. Mwenzetu mmoja, mtu mpole asiyependa kusema mbele za watu, alikuwa anasimulia jinsi alivyovutwa na filamu ya Blade Runner, hasa sauti ya mhusika mkuu inayosimulia mawazo yake huku picha ikiendelea. Mimi, niliyekuwa nimeiona filamu hiyo mara nne, nilimkatiza nikamwambia kwamba hakuna sauti kama hiyo na kwamba lazima amechanganya na filamu nyingine. Alinyamaza. Niliporudi nyumbani nikasoma, nikakuta kwamba toleo lililooneshwa katika majumba ya sinema mwaka 1982 lina masimulizi ya Harrison Ford, mwigizaji wa mhusika mkuu, kwamba toleo la mwaka 1992 liliyaondoa masimulizi hayo na kubadili mwisho, na kwamba mwaka 2007 likatoka toleo jingine, nalo pia halina masimulizi. Mara zote nne nilikuwa nimeona toleo la baadaye. Nilimtafuta nikamwomba radhi, akasema si neno, lakini ilipita miezi kadhaa kabla hajasimulia kitu tena, na sijui ni mambo mangapi tuliyakosa katika miezi hiyo kwa sababu ya ujuaji wangu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba mtu anaposimulia jambo lisilolingana na unalolijua, mwulize kabla ya kumsahihisha, na umwulize kwa nia ya kusikia. Chukua mfano wa The Wizard of Oz ya mwaka 1939. Filamu hiyo inaanza kwa picha za rangi ya udongo, kisha Dorothy anafungua mlango na ulimwengu wote unakuwa wa rangi. Ilipooneshwa kwenye televisheni ya Marekani kwa mara ya kwanza mwaka 1956, nyumba nyingi zilikuwa na televisheni zisizo na rangi, na watoto wengi waliitazama mwaka baada ya mwaka bila kujua kwamba mlango ule unafungukia kitu gani. Mtu akikwambia kwamba filamu nzima haina rangi, ukimjibu "umekosea" mazungumzo yameisha. Ukimwuliza ni lini alikuja kuiona kwa rangi, na alikuwa na nani, umepata hadithi ambayo hakuna kitabu cha sinema kitakachokupa.

Wanaobishana kuhusu urefu wa filamu nao wana lao. Filamu za sinema hupita picha 24 kwa sekunde, lakini katika nchi zilizotumia mfumo wa televisheni wa PAL zilizungushwa picha 25, hivyo filamu ya dakika 120 ikaisha kwa takriban dakika 115 na sauti za waigizaji zikapanda kidogo. Na zile picha pana zilizoenea baada ya mfumo wa sinema wa CinemaScope kuingia mwaka 1953 zilikatwa pembeni ili zijaze kioo cha televisheni cha zamani, zaidi ya theluthi moja ya picha ikatupwa. Mhusika anayezungumza na pua ya mtu asiyeonekana si kosa la mpiga picha.

Sasa niseme kuhusu zile habari ndogondogo tunazopenda kupeana, za "je, unajua". Mimi nazipenda mno, na ndiyo maana nimeumbuka nazo mara nyingi. Kanuni niliyojiwekea ni kurudi kwenye kazi yenyewe kabla ya kuitolea habari. Watu wengi hutaja maneno "Icheze tena, Sam" kama maneno ya filamu ya Casablanca ya mwaka 1942, lakini itazame yote kwa makini na hutamsikia yeyote akimwambia Sam aicheze "tena". Kilicho cha kweli ni kizuri zaidi: Dooley Wilson, aliyeigiza kama Sam, alikuwa mpiga ngoma na hakujua kupiga piano, kwa hiyo mikono yake inacheza tu juu ya vibonyezo huku mpiga piano mwingine akisikika. Kuna pia hadithi kwamba katika Singin' in the Rain ya mwaka 1952 mvua ilichanganywa na maziwa ili ionekane kwenye picha. Si kweli, matone yalionekana kwa sababu taa ziliwekwa nyuma yake. Niliwahi kuisimulia ile ya maziwa kwa madoido, mpaka nikataja na idadi ya madebe, idadi niliyoibuni palepale bila hata kujitambua. Hivyo ndivyo habari hizi zinavyonenepa.

Wala usitegemee tu majina yaliyoandikwa mwishoni mwa filamu au kwenye jalada. Sauti ya Marni Nixon ndiyo inayoimba wakati Deborah Kerr anapofungua kinywa katika The King and I ya mwaka 1956, na wakati Natalie Wood anapoimba katika West Side Story ya mwaka 1961, na katika nyimbo nyingi za Audrey Hepburn ndani ya My Fair Lady ya mwaka 1964, ilhali zilipotoka watazamaji hawakuoneshwa jina lake kwenye kioo. Kwenye muziki kisa kinachoniuma ni cha Solomon Linda wa Afrika Kusini, aliyerekodi wimbo wa Mbube mjini Johannesburg mwaka 1939 akiwa na kundi lake la Evening Birds. Kiitikio kilisema "uyimbube", yaani "wewe ni simba". Kundi la The Weavers la Marekani likasikia "wimoweh" na likakiimba hivyo, kisha mwaka 1961 kundi la The Tokens likauvalisha wimbo huo mashairi ya Kiingereza na dunia nzima ikaujua. Linda alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, na familia yake haikufikia makubaliano kuhusu mirabaha mpaka mwaka 2006. Unapowasimulia watu furaha uliyoipata utotoni kwa wimbo fulani, tafuta kwanza ni nani aliyeuimba mwanzo, kwa maana huenda jina unalolisifu si la mwenye wimbo.

Kuhusu namna ya kusimulia kumbukumbu yako mwenyewe, nimejifunza kuanza na kitu na si sifa. Kusema kwamba wimbo ulikuwa mtamu na kwamba siku hizi hakuna muziki hakumpi msikilizaji chochote, na kwa kweli ni njia ya haraka ya kuwafukuza vijana waliokuja kusikiliza. Sema ilikuwa redio ya namna gani, nani aliruhusiwa kuigusa, mtangazaji alitamka nini kabla ya wimbo, kanda ilinaswa mahali gani na mkaikunjua kwa kalamu ya risasi. Pale unapokuwa na uhakika, sema. Pale unapokumbuka kwa kusimuliwa na kaka yako, sema pia kwamba ni ya kaka yako. Na unapowauliza wazee, epuka maswali ya nani alikuwa bora kuliko nani. Waulize ni wimbo upi uliokuwa unachezwa watu wakianza kuondoka. Kisha andika jibu siku hiyohiyo, kwa maneno yao, bila kuyanyoosha.

Usitupe makaratasi pia: vijitabu vya maonesho, vipande vya tiketi, majalada yaliyochanika. Filamu ya Metropolis ya mwongozaji Fritz Lang ilikatwa vibaya muda mfupi baada ya kuoneshwa Berlin mwaka 1927, na kwa miongo mingi waliojaribu kuiunganisha upya walitegemea vitu kama nota za muziki wake na kumbukumbu za ofisi ya udhibiti ili kujua ni tukio lipi lilifuata lipi. Mwaka 2008 ndipo nakala ndefu ilipotambuliwa katika jumba la makumbusho ya sinema mjini Buenos Aires, imechubuka na kujaa mikwaruzo, na picha zake zikarudishwa mahali pake. Nakala mbovu, tena ya ukubwa mdogo kuliko ule wa awali, ndiyo iliyokuwa na matukio ambayo nakala safi hazikuwa nayo.

Ule wimbo wangu nilikuja kuupata mzima. Neno lile linamalizika vizuri, kinafuata kiitikio, kisha gitaa linapiga peke yake kwa karibu dakika nzima, na nadharia yangu ya mtu aliyekatwa kauli imekufa. Niliupeleka kwenye mkusanyiko wetu nikaucheza kwa fahari. Yule mzee alisikiliza hadi mwisho, akasifu, kisha akaniomba nimtolee nakala ya ile kanda ya zamani, si hii mpya. Santuri, alisema, ziko nyingi, lakini mtangazaji yule alimfahamu kwa sauti tangu ujana wake na hajawahi kumsikia tena. Nilimtolea nakala, na juu ya jalada nikaandika: "Toleo lililokatika. Mtangazaji yumo."