Maswali ya Wasomaji: Kipini ni ya Lamu au ya Tana River?

SWALI: Marehemu baba alituachia kiwanja Kipini. Kila tukienda tunapitia Witu, na watu wa Witu shughuli zao ni Lamu. Mjomba naye asema tufuatilie Hola. Twende wapi?
Msomaji, Kisauni

JIBU: Mjomba yuko sawa. Kipini iko wadi ya Kipini Mashariki, eneo bunge la Garsen, kaunti ya Tana River, na makao makuu ya kaunti hiyo ni Hola. Inayowapotosha wengi ni barabara. Ukitoka Mombasa wapita Malindi, Garsen na Gamba, waingia Witu ambayo ni Lamu, ndipo ukate kulia kuteremka baharini, na hapo warudi tena Tana River. Tofauti hii ni ya zamani kuliko kaunti zenyewe: mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipokubaliana juu ya ukanda wa pwani wa maili 10 wa Sultani wa Zanzibar, walikomea Kipini. Witu ilikuwa na sultani wake.

Kabla ya kutoa nauli, tafuteni namba ya kiwanja mfanye sachi katika daftari la ardhi. Ardhi husajiliwa na serikali ya kitaifa, si kaunti. Kaunti yenu mtaiendea kwa kodi ya ardhi. Kama kiwanja hakina namba, huenda ni ardhi ya jamii, ambayo ina sheria yake ya 2016: isiposajiliwa, kaunti huishika kwa amana ya wenyeji na haina ruhusa ya kuiuza. Barua ya chifu inayowataja warithi mtaihitaji kwenye kesi ya mirathi, lakini barua hiyo si hati ya kumiliki ardhi. Wengi wameuziwa ardhi kwa barua ya chifu na muhuri wake, wakajua baadaye kwamba walinunua karatasi.

SWALI: Zamani tulikuwa na diwani na karani wa baraza. Siku hizi taka zikirundikana sokoni twamwambia chifu, naye hafanyi kitu.
Msomaji, Kipini

JIBU: Mnamwonea. Chifu ni wa serikali ya kitaifa: usalama, vitambulisho, ugomvi wa mipaka. Mabaraza yalikwisha na uchaguzi wa Machi 2013, na soko, taka, zahanati, chekechea na leseni ya duka vikaenda kaunti. Mwendeeni msimamizi wa wadi, tena kwa barua yenye nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mwakilishi wadi kazi yake ni kuibana serikali ya kaunti katika bunge la kaunti, hana fagio. Kamati ya mji huja pale mahali panapopewa hadhi ya mji, na sheria yataka wakazi 10,000.

SWALI: Dada yangu ameolewa Ozi, kijiji cha kando ya mto Tana, juu ya Kipini. Asema mpunga wao hunyweshwa na bahari. Chumvi haiuui?
Msomaji, Likoni

JIBU: Bahari hailishi mpunga, husukuma tu. Maji yakijaa mlangoni mwa Tana, mto hukosa pa kutokea, ukainuka. Maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, kwa hiyo hukaa juu, na ndiyo yanayopanda mifereji hadi kondeni. Mkulima hufungua mfereji maji yakijaa, akauziba kabla hayajapwa ili konde lisikauke. Hii ni kazi ya bamvua, maji yanapojaa sana, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Siku za maji mafu, bahari isipojaa sana, mto haufiki ukingoni, hata ungechimba vipi.

Balaa huja mto ukipungua, hasa kaskazi ya Januari hadi Machi. Juu huko yako mabwawa matano, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, na kiasi cha maji kinachoteremka chategemea pia yanavyofunguliwa. Mto ukidhoofika, chumvi hutambaa chini kwa chini kupanda juu, na bamvua lile lile lililokuwa neema likaiingiza kondeni. Ncha za majani hukauka na kuwa nyeupe. Mwambie dada asionje maji ya juu peke yake, kwani yatamdanganya. Atie jiwe kwenye chupa, aizibe kwa kizibo kilichofungwa uzi, aishushe hadi karibu na tope, avute uzi, aipandishe, aonje. Yakiwa na chumvi, mfereji usifunguliwe siku hiyo. Chumvi ikishaingia, dawa ni kulijaza konde maji matamu na kuyatoa, mara kadhaa, mto ukipata nguvu.

Saa za maji husogea mbele kama dakika 50 kila siku, na Ozi maji hujaa baada ya Kipini, maana mawimbi yana safari ya kupanda mto. Ratiba ya maji ya bandari ya Kilindini itamsaidia kujua siku za bamvua, lakini saa ya kufungua mfereji aipime kwa kijiti ukingoni mwa konde lake.