Potifolio wodini: inafundisha kweli, na niandike makosa yangu?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi wa udaktari mwaka wa nne, kwa sasa niko wodini hapa Mbeya. Mwaka huu, pamoja na logibuku tuliyoizoea (daftari la kusainiwa kila kazi tuliyoifanya), kila mmoja ametakiwa kuandaa potifolio: visa kumi na viwili, kila kisa na tafakuri yake, na mwishoni inakusanywa na kupewa alama. Wenzangu wengi wananung'unika. Wanasema ni karatasi juu ya karatasi, inakula muda wa kukaa na wagonjwa, na wapo wanaoiandika yote usiku mmoja kabla ya kukusanya. Mimi sijui nishike lipi. Je, inamsaidia mtu kujifunza, au ni mzigo tu? Na kama ina alama, nikiandika mahali nilipokosea si nitakuwa najifunga mwenyewe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na wenzako, maana hawajakosea. Manung'uniko yao yamesikika kila mahali potifolio ilikopelekwa. Mwaka 2009 yalichapishwa mapitio makubwa yaliyokusanya tafiti 69 kuhusu potifolio kwa wanafunzi wa fani za afya ambao hawajahitimu. Yalionyesha kwamba wanaoitumia vizuri huunganisha walichosoma na wanachokiona kwa mgonjwa, na huanza kujijua: wapi wako imara, wapi wanayumba. Yalionyesha pia kwamba kinachowachosha wanafunzi kuliko vyote ni muda. Kazi ikizidi faida, mtu anaandika ili amalize. Dundee, Uskochi, ambako potifolio iliingizwa kwenye mtihani wa mwisho wa udaktari, wanafunzi wa mwanzo walilalamikia karatasi nyingi kama ninyi. Kadiri miaka ilivyokwenda, maoni ya wanafunzi waliofuata yakaboreka.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema potifolio ni karatasi, usimbishie. Muulize: nani anaisoma?

Nitarudi hapo. Kwanza tutenganishe vitu viwili ambavyo naona mnavichanganya. Logibuku inahesabu. Umeshuhudia kujifungua mara ngapi, umeweka dripu ngapi, nani amesaini. Ni kitu cha lazima na sikidharau. Ila nikuambie kilichonipata. Nikiwa mwaka wa nne, katika hospitali ambayo sitaitaja, nilihitaji saini nyingi kabla ya Ijumaa. Nilimvizia daktari bingwa kwenye korido akitoka thieta. Alipokea logibuku yangu, akaegemea ukuta, akasaini mistari kumi na minne bila kuuliza hata mmoja. Mstari mmoja ulisema nimetoa maji ya uti wa mgongo. Sikuyatoa. Nilimshikilia mtoto ajikunje, basi. Miaka miwili baadaye nikiwa intani, yaani daktari wa mwaka wa mazoezi, zamu ya usiku, akaletwa mtoto mwenye homa na shingo iliyokakamaa. Muuguzi akaniandalia trei ya kipimo hichohicho cha maji ya uti wa mgongo, kwa sababu intani anatarajiwa kujua na karatasi zangu zilisema najua. Nilisimama mbele ya ile sindano, kisha nikapiga simu kumwamsha mwenzangu. Mtoto alichukuliwa kipimo, lakini kwa kuchelewa, na saa ile ya kusubiri bado naikumbuka.

Potifolio ingeniuliza maswali ambayo logibuku haikuniuliza: ulifanya nini hasa, nini kilikuponyoka, na mara ya pili ulibadilisha nini? Wazo lenyewe limetoka kwa wachoraji na wasanifu majengo, watu wanaokuja kuomba kazi na mkoba wa kazi zao, si na cheti peke yake. Kwetu lilipata nguvu kwa sababu ya pengo ambalo mwalimu wa madaktari wa Marekani, George Miller, alilichora mwaka 1990 kama piramidi. Chini kabisa, mtu anajua. Juu yake, anajua namna. Juu zaidi, anaonyesha namna. Kileleni, anatenda. Mtihani wa karatasi unagusa ngazi mbili za chini. Mtihani wa vituo, ule wa kengele na dakika chache kila kituo, unagusa ya tatu. Lakini unachokifanya Jumanne saa tisa mchana, wodi imejaa na hakuna mkufunzi nyuma yako, hakuna mtihani wa siku moja unaokifikia. Potifolio ni jaribio la kufika huko. Si jaribio kamili, lakini sijaona jingine lililokaribia zaidi.

Sasa tuone karatasi yenyewe. Mwaka hadi mwaka napokea tafakuri za namna hii:

"Nilimhudumia mgonjwa mwenye shinikizo la juu la damu. Nimejifunza umuhimu wa mawasiliano mazuri kati ya daktari na mgonjwa na nitaendelea kujiboresha."

Hii inaweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga wodini. Hakuna mgonjwa ndani yake, na hata mwandishi mwenyewe hayumo. Sasa soma hii, ambayo mwanafunzi wangu mmoja ameniruhusu kuitumia:

"Bibi wa zaidi ya miaka sabini, presha 190/110. Nilimuuliza: unatumia dawa vizuri? Mjukuu akatafsiri kwa Kinyakyusa, bibi akaitikia ndiyo. Nikaandika kwenye faili: anatumia dawa. Kwenye raundi ikaamuliwa aongezewe dawa ya tatu. Mchana muuguzi anayejua Kinyakyusa akakaa naye. Hakumuuliza kama anatumia. Alimuuliza jana alimeza vidonge vingapi na saa ngapi. Kumbe anameza leo, anaruka siku mbili, ili vimfikishe hadi atakapopata nauli ya kurudi kliniki. Mjukuu hakujua. Swali langu lilikuwa na jibu moja tu ambalo mtu mwenye adabu anaweza kumpa daktari. Kuanzia kesho: nauliza idadi na saa, naomba kuona paketi, na kama anayetafsiri ni ndugu, namtafuta na muuguzi. Nyongeza baada ya wiki mbili: nimeuliza hivyo kwa wagonjwa watano. Wawili walikuwa wanaruka dozi."

Umeona? Neno "mawasiliano" halipo hata mara moja, lakini mawasiliano ndiyo yaliyojaa humo. Kosa limetajwa kwa maneno yaliyosemwa. Mpango ni wa vitendo, unaweza kuukagua. Na ile nyongeza ya wiki mbili ndiyo iliyonifanya niamini kwamba huyu kijana amebadilika. Bila hiyo, ningebaki na nia njema tu. Huku kwetu, ambako wodi moja inaweza kuwa na Msafwa, Mnyakyusa, Mndali na Mnyiha, na mwanafunzi ametoka Mwanza au Dar es Salaam, kisa kama hiki kinafundisha jambo ambalo vitabu mnavyosoma havikuandikwa kulifundisha.

Mtaambiwa mfuate mizunguko ya tafakuri. Ule wa Graham Gibbs wa mwaka 1988 una hatua sita: maelezo, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho, mpango. Mwanzoni unasaidia. Ukishazoea, usiugeuze kuwa fomu ya kujaza. Nimesoma visa vingi ambavyo kwenye "hisia" mtu ameandika "nilijisikia vibaya" kwa sababu tu kulikuwa na nafasi ya kujaza.

Nirudi kwenye swali la nani anasoma, maana hapa ndipo potifolio huishi au hufa. Maastricht, Uholanzi, kila mwanafunzi ana mlezi wake ambaye hukutana naye kuzungumzia potifolio, na watafiti waliofuatilia kwa nini potifolio hufaulu hapa na kushindwa pale walimkuta mlezi katikati ya majibu yao. Afrika Kusini, madaktari wanaosomea ubingwa wa tiba ya familia wanatakiwa kuwa na potifolio kabla ya kukubaliwa kwenye mtihani wa taifa, na sehemu yake mojawapo inahusu vikao vya daktari na msimamizi wake. Potifolio inayokusanywa Juni, ikawekwa kabatini, ikatolewa alama Julai, haijafundisha kitu. Wanafunzi wanalijua hilo haraka kuliko sisi walimu, na ndiyo maana wanaiandika usiku mmoja. Kwa wakufunzi wenzangu watakaosoma haya: kama hatuna dakika ishirini za kukaa na mwanafunzi juu ya kisa chake, tusimwagize kumi na viwili. Tumwagize vinne, tuvisome vyote vinne.

Wewe usisubiri utaratibu urekebishwe. Mtafute mtu mmoja. Si lazima awe bingwa. Rejista wa firmu yako, yaani daktari anayesomea ubingwa kwenye timu yenu ya wodi, anatosha. Muuguzi mkongwe wa wodi ya wazazi pale hospitali ya Meta anaweza kukusoma vizuri kuliko profesa, kwa sababu alikuwepo. Mpelekee kisa kimoja, ukurasa mmoja, mwombe dakika kumi, umuulize: ungekuwa wewe, ungefanya nini pale?

Kuhusu alama na makosa. Hofu yako ina msingi. Ukimwambia mtu "funguka, halafu nitakupa alama", atafunguka kwa kipimo. Shule ya udaktari ya Cleveland Clinic Lerner kule Marekani, iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2004, iliamua kutotoa alama kabisa. Mwanafunzi hukusanya mirejesho ya wasimamizi, huchagua ushahidi, huandika hoja ya kwamba amefikia kiwango, na kamati huamua kama asonge mbele. Dundee, potifolio ilisomwa na watahini wawili, kisha wakazungumza na mwanafunzi uso kwa uso. Msimamo wangu ni kwamba tafakuri isipewe namba. Kitu cha kupima ni kama ushahidi upo, kama mpango unatekelezeka, na kama ulitekelezwa. Huwezi kusema huzuni ya huyu ni saba na ya yule ni tisa. Na msomaji mmoja peke yake asiamue hatima ya mtu, kwa sababu wasomaji hutofautiana sana kwenye maandishi ya namna hii.

Kwa kuwa kwenu alama zipo tayari, fanya hivi. Uwe na daftari lako mwenyewe, la nyumbani, ambalo hakuna anayelikusanya. Humo andika kila kitu, hata yale ya aibu. Baada ya wiki chache lipitie, uchague visa vya kuwasilisha. Chagua makosa ambayo umeshayafanyia kazi, yaani kosa lenye nyongeza, kama la yule kijana. Mkufunzi makini akisoma kosa lililofuatiliwa hawezi kukushusha, na visa kumi na viwili visivyo na kosa hata moja vitamfanya asiamini hata kimoja. Wahenga walisema mficha uchi hazai, nasi tunaofanya kazi hii tunajua ukweli wake kuliko wengi. Lakini hata mgonjwa huchagua ni nani amwonyeshe.

Mpaka mmoja usiuvuke. Kosa lililomdhuru mgonjwa, au lililokaribia kumdhuru, halianzii kwenye potifolio. Linaanzia kwa daktari wa zamu, kwa mdomo, dakika ileile, kisha utaratibu wa hospitali wa kutoa taarifa. Tafakuri inakuja baadaye. Mwaka 2018 huko Uingereza daktari mmoja alifutwa kwenye rejesta kufuatia kifo cha mtoto, kabla ya kurudishwa kwa rufaa mwaka huohuo, na madaktari wengi wakaingiwa na hofu kwamba tafakuri zao zinaweza kugeuzwa ushahidi mahakamani. Septemba ya mwaka huo vyombo vinavyosimamia madaktari na mafunzo yao huko vilitoa mwongozo: tafakuri ijikite kwenye ulichojifunza, na mgonjwa asitambulike. Ni ushauri unaotufaa na sisi.

Na hapo kwenye kutotambulika, naomba uwe mkali kwa nafsi yako. Jina, namba ya faili, namba ya kitanda, kijiji, tarehe kamili ya kulazwa: vyote viondoke. Kwenye wilaya ndogo, "mke wa mwalimu mkuu aliyejifungua mapacha" ni sawa na kuandika jina. Usipige picha ya mgonjwa wala ya faili lake kwa simu yako "kwa ajili ya potifolio", na usiitume kwenye kundi la WhatsApp la darasa hata kama umefunika uso. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya ziko kwenye kundi la taarifa nyeti. Na hata kusingekuwa na sheria, mgonjwa wako alikuamini.

Mwisho, lini uandike. Usisubiri wikiendi. Ukitoka wodini, kabla hujapanda daladala, andika mistari mitatu: niliuliza nini au nilifanya nini, nini kilinishtua, kesho nabadilisha nini. Inachukua dakika tano. Visa kamili utavijenga baadaye juu ya mistari hiyo, na hutakuwa unabuni usiku wa kukusanya, kwa sababu maneno ya mgonjwa yatakuwa bado yapo kwenye daftari lako kama alivyoyasema. Kile cha kwanza ukishakiandika, nami uniletee, nitakisoma.