Wasomaji Wanauliza: Kuuza Gemu kwa Sarafu za Kripto

SWALI: Nimetengeneza gemu ya kompyuta peke yangu na ninaiuza dola 8 kwenye tovuti yangu. Wanunuzi kadhaa wananiandikia kwamba hawana kadi inayokubalika, wanataka kulipa kwa kripto. Nipokee sarafu ipi, na nianzie wapi?

JIBU: Bei ibaki kwa dola, na malipo yaingie kwa sarafu iliyofungwa kwenye thamani ya dola, yaani USDC au USDT. Steam, duka kubwa la gemu mtandaoni, iliwahi kupokea Bitcoin, ikaacha Desemba 2017 kwa sababu mbili ambazo muuzaji mdogo anapaswa kuzijua: ada ya kutuma ilikuwa imekaribia dola 20 kwa muamala, na bei iliyumba kiasi kwamba mnunuzi akichelewa kidogo tu, alichotuma hakitoshi tena.

Hata hizi za dola si za kuwekea akiba. Machi 2023 USDC ilishuka hadi karibu senti 88, kwa kuwa sehemu ya fedha zinazoishikilia ilikuwa Silicon Valley Bank, benki iliyoanguka wiki hiyo. Baada ya siku chache ilirudi mahali pake, lakini aliyelazimika kumlipa mchoraji wake wikendi ile aliuza kwa hasara. Jiwekee siku maalumu ya kubadilisha mapato kuwa fedha za kawaida na uishike.

Kupokea kwenyewe kuna njia mbili. Ya kwanza ni kampuni ya malipo: inakutolea ankara, inakata asilimia yake, na kwa kawaida inataka vitambulisho vyako. Ya pili ni kuendesha mfumo wako mwenyewe. Kwa Bitcoin, BTCPay Server ni programu huria isiyokata chochote. Unaipa ufunguo wa umma wa pochi yako (programu inayotunza sarafu zako), ule uitwao xpub, nayo inazalisha anwani mpya kwa kila ankara. Maneno ya siri 12 au 24 yanayofungua pochi yasiguse seva hata mara moja. Mdukuzi akiingia kwenye seva hiyo hawezi kuchukua yaliyokwishalipwa, ila anaweza kubadilisha xpub ili malipo yajayo yaende kwake. Kwa hiyo mara kwa mara linganisha anwani inayoonyeshwa kwa mnunuzi na zile zilizomo kwenye pochi yako.

Ukiandika mwenyewe msimbo wa kupokea USDT, angalia nafasi za desimali. USDT husafiri kwenye mitandao kadhaa, yaani mifumo inayorekodi miamala. Kwenye mtandao wa Ethereum ina nafasi 6, kwa hiyo dola 8 ni vipande 8,000,000. Kwenye mtandao wa BNB Chain ina nafasi 18. Msimbo uliodhani 6 kila mahali utamfungulia gemu mtu aliyetuma kiasi kisichofika hata sehemu ya senti. Kagua pia anwani ya mkataba wa sarafu (programu inayoiendesha kwenye mtandao), si jina lake, kwa maana yeyote anaweza kutengeneza sarafu na kuiita USDT.

SWALI: Mnunuzi ananitumia picha ya skrini kuonyesha amelipa, lakini gemu haijafunguka. Nimwamini?

JIBU: Picha ya skrini si ushahidi. Mwombe namba ya muamala, uitafute mwenyewe kwenye kurasa zinazoonyesha miamala ya mtandao husika. Mara nyingi utakuta moja kati ya haya.

Kiasi kimepungua. Huyu ndiye mgeni wa kila siku. Mnunuzi anatuma kutoka kwenye soko la kubadilishia sarafu, anaandika 8, soko linakata ada yake humohumo, kwako inaingia 7. Mfumo unaona ankara haijatimia na unanyamaza. Ruhusu upungufu mdogo, tuseme asilimia 1 au 2, na kwa pengo kubwa zaidi mfumo umwonyeshe mnunuzi kiasi kilichobaki badala ya kumwacha gizani. Juu ya anwani andika wazi: "Kiasi kitakachofika kiwe dola 8 kamili."

Ankara imeisha muda. Dakika 15 hupita haraka kwa mtu anayesubiri msimbo wa uthibitisho kutoka soko lake. Ikiwa sarafu ni ya dola, muda mrefu zaidi hauna madhara. Uongeze ufike saa moja.

Mtandao si wenyewe. Anwani inayoanza na 0x ina sura ileile kwenye Ethereum, Polygon na BNB Chain. Ikiwa pochi ni yako na funguo unazo, fedha hizo zinapatikana. Fungua mtandao huo kwenye pochi na utazikuta. Ikiwa anwani ni ya kampuni ya malipo, utategemea hisani yao. Ndiyo maana tunashauri mtandao mmoja au miwili ya ada ndogo, utajwe kwa jina mahali ambapo jicho haliwezi kuuruka.

Uamuzi wa kufungua ufanywe na seva yako, kamwe si programu iliyo kwenye kompyuta ya mchezaji. Seva ihakiki sahihi ya kidijitali ya taarifa iliyotoka kwenye mfumo wa malipo, kisha ihifadhi namba ya ankara. Taarifa hizo huja mara mbili pasipo kosa la mtu, na bila kumbukumbu hiyo utatoa funguo mbili za gemu kwa malipo mamoja.

SWALI: Nimeuza nakala 200 kwa Bitcoin. Sasa nikitaka kuzitoa zote kwa pamoja, pochi inadai ada kubwa. Kwa nini?

JIBU: Kwa sababu ada ya Bitcoin hufuata ukubwa wa muamala kwa baiti, si thamani yake. Kila malipo uliyopokea yamekaa peke yake kama sarafu mkononi, na kwenye anwani zinazoanza na bc1q kila moja hula takriban baiti 68 za kulipiwa. Mia mbili ni 13,600. Kiwango kikiwa satoshi (kipande kidogo kabisa cha Bitcoin) 10 kwa baiti, utalipa satoshi 136,000; kikiwa 100, utalipa 1,360,000. Unganisha malipo hayo kuwa moja wakati mtandao umetulia. Kwa mauzo yajayo tumia Lightning, mfumo wa malipo madogo uliojengwa juu ya Bitcoin, lakini kumbuka kwamba chaneli (njia ya malipo kati ya pande mbili) uliyoifungua kwa fedha zako peke yake haiwezi kupokea. Ni lazima kuwe na fedha upande wa pili wa chaneli.

SWALI: Naweza kuweka kitufe cha kripto ndani ya gemu yangu iliyoko Steam?

JIBU: Hapana. Manunuzi ya ndani ya gemu hupita kwenye pochi ya Steam, na tangu Oktoba 2021 gemu zinazotoa au kubadilishana kripto na NFT (vitu vya kidijitali ambavyo umiliki wake umeandikwa kwenye mtandao wa kripto) haziruhusiwi huko kabisa. Unachoweza ni kuomba funguo za Steam (misimbo ya kufungulia gemu huko) na kuziuza kwenye tovuti yako. Steam haikati fungu lake kwenye mauzo hayo, ila usiwape wanunuzi wa nje bei nafuu kuliko wa Steam.

SWALI: Mnunuzi akitaka kurudishiwa fedha?

JIBU: Usizirudishe kwenye anwani zilikotoka. Huenda ni anwani ya soko, na fedha hazitamfikia. Mwombe anwani mpya kupitia barua pepe ileile aliyonunulia, tuma kiasi cha dola alicholipa, na uandike kwenye daftari lako thamani ya siku ya kupokea na ya siku ya kurudisha, kwa sababu mhasibu wa kodi atazihitaji zote mbili.